Vidole Visivyosomeka

"Bonyeza tena, mama," alisema binti wa dirisha la viza.

Mama Pacha alipangusa vidole kwenye gauni, akavibonyeza juu ya kioo cha mashine. Taa nyekundu ikawaka.

Miaka kumi na mmoja ya kulowesha ngozi kwenye dawa za kiwandani ilikuwa imevila vidole vile, vikawa laini kama mgongo wa kijiko, bila hata mstari mmoja. Na kesi aliyoifungulia kampuni yenye kiwanda hicho, iliyomleta kuomba viza, ilihusu vidole hivyo hivyo. Wakili alihangaika miaka minne mpaka mahakama ya ng'ambo, yaliko makao makuu ya kampuni, ikakubali kumsikiliza, ila afike mwenyewe, Jumatatu.

"Mwanangu, ndivyo nilivyonavyo. Nikaazime vya jirani?"

Binti alicheka, kisha akaona haya. "Basi lete cheti cha daktari, kiseme vimeharibiwa na nini. Kwenu mnatibiwa wapi?"

"Zahanati ni moja tu. Kampuni ndiyo iliyotujengea, msaada kwa jamii."

"Afadhali! Si watakuandikia leo hii hii?"

"Walishaandika."

Akafungua mkoba, akatoa cheti cha mwaka juzi, akakilaza juu ya kioo. Kwenye sababu, daktari alikuwa ameandika: sabuni ya kufulia nyumbani.