Chai ya Kamati

Mbuke alikataa chai. Alikisukuma kikombe hadi ukingoni mwa meza na kumkazia macho aliyekileta.

Aliyekileta alikuwa Balbina, jirani yake kwa miaka sita. Siku hizi Balbina alikuwa mpishi wa kampuni ya nguruwe iliyojenga kando ya barabara ya Mchombe, na leo alikuwa akiwamiminia wageni chai kwa tabasamu utadhani anaozesha binti. Kijiji kizima kilishamsusa. Mbuke ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa anafukuzwa.

Kamati ya wilaya ilikuwa imetoka Ifakara kuja kuamua jambo moja tu. Wataalamu walikuwa wamesema mavi ya mifugo yanatoa gesi inayoongeza joto duniani, na sasa serikali ilitaka kujua, hapa bondeni gesi hiyo inatoka kwa nani. Kampuni ilikuwa na nguruwe elfu sita na bwawa la mavi pana kuliko uwanja wa mpira. Mbuke alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Lakini kampuni ndiyo iliyowahi kuandika barua: wachafuzi ni Wasukuma kama Mbuke na ng'ombe wao, waondolewe.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Polikarpo, aliwaacha watu wanywe kwanza. Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua za El Nino zimelowesha kila ukuni wa bonde, na nyumba nyingi zilikuwa zikila viporo. Hata hivyo chai ya kampuni ilikuja upesi, ya moto kweli kweli. Meneja wa kampuni aliongeza kikombe cha pili, akajigamba kwamba mpishi wake alifunzwa na masista wa misheni na hajawahi kumcheleweshea chakula. Jinsi mpishi anavyofanya, yeye hakujua wala hakuuliza, maana mwanaume wa cheo chake hatii mguu jikoni.

Mbuke alisimama bila kuitwa.

"Ng'ombe wangu kumi na mmoja nawajua kwa majina, Mzee. Niulizeni lolote juu yao, nitajibu hapa hapa. Na meneja aulizwe juu ya bwawa lake. Siondoki bondeni kwa barua ya mtu asiyeulizwa."

Watu wa kijiji waliguna kumuunga mkono. Meneja alicheka, akasema lile ni bwawa la maji machafu yaliyotulia tu, na hilo ameshaliandika na kulitia sahihi.

"Bwawa langu halitoi gesi yoyote, Mwenyekiti," alisema. "Kama hamniamini mimi, muulizeni mpishi. Anashinda hatua thelathini kutoka pale."

Mbuke alijua mshahara ungejibu nini. Aligeuza uso asimwone rafiki yake akimzika.

Balbina aliweka birika mezani, akapiga goti kidogo na kumwamkia Mzee Polikarpo. Kisha akaiomba kamati imfuate jikoni. Wanaume walitazamana. Mzee aliinuka, wengine wakamfuata, meneja naye akaja nyuma na kikombe chake mkononi. Mbuke alijipenyeza katikati yao.

Jikoni hapakuwa na kuni, wala mkaa, wala tone la mafuta ya taa. Mpira mrefu uliingia dirishani ukitokea kwenye pipa lililofudikizwa juu ya bwawa, ukapita sakafuni, ukaishia chini ya sufuria. Hapo moto wa bluu ulikuwa ukiwaka kimya kimya.

"Kuni ziliisha Jumatatu, Mzee," alisema Balbina. "Tangu siku hiyo chai ya meneja inachemshwa na bwawa lake."