Chumvi ya Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakiazimana chumvi, Nungunungu alikopa kila mlango, na ahadi yake ilikuwa moja tu: kesho. Mwishowe milango yote ikafungwa. Kila jioni akawa anakaa kibarazani peke yake, akiwasikia wenzake wakiitana, "Jirani, nigawie kidogo," na moyo ukimuuma kwamba hakuna anayemwita yeye.

Basi akashuka bondeni, akawa anakwangua chumvi jiwe baada ya jiwe, huku akizunguka kulipa. Kanga, aliyekuwa akimdai kuliko wote, alipokea bakuli lililojaa pomoni.

"Deni limekwisha," alisema. "Kukuamini ni jambo jingine." Akafunga mlango.

Nungunungu hakumlaumu. Mvua zikaja zikapita, naye hakukopa hata punje. Jioni moja, akiwa ameinjika kunde, akasikia hodi. Alikuwa Kanga.

"Jirani, nimeshukiwa na wageni, nami chumvi imeniishia. Niazime, nitakurudishia kesho."

Nungunungu akammiminia yote aliyokuwa nayo.

Usiku ule alikula kunde chapwa, akaramba mpaka chungu.