Kufumua

"Nisuke vizuri, shoga. Kesho sitaki watu wahangaike na kichwa changu."

Vidole vya msusi viliganda. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, wa kulia bado timutimu. Tangu aketi, mteja huyu mwenye domo la utani hakuwa ametania hata kidogo, na hereni zake alizivua akampa msusi, eti zawadi.

"Unataka kujiua?" msusi aliuliza polepole.

Kwenye kioo, mteja aliinamisha macho. "Nimalizie niende zangu."

Pembeni ya kioo kulikuwa na namba ya simu ya msaada, iliyobandikwa na muuguzi wa zahanati ya mtaani. Msusi aliipiga kwa vidole vyenye mafuta, akaweka spika. Kisha akaanza kufumua upande uliokwisha.

"Wewe, unafumua nini?"

"Naanza upya. Na timutimu hii hutoki mlangoni kwangu, mlimbwende wewe. Nakujua."

Simu iliita. Msuko mmoja ukafumuka. Ikaita tena.

"Karibu," sauti ilisema. "Nakusikiliza."

Msusi aliilaza simu mapajani mwa mteja, akarudisha mikono kichwani pake, bila kusuka.

Mteja aliishika simu.

"Halo," akasema.