Chafya ya Bi Raya

Siku hizi kabati la dawa husikia chafya lenyewe. Humpa mwenye mzio kidonge kimoja tu, kisha hufunga jiko na mlango wa nje mpaka usingizi wa dawa umtoke.

"Mama, fungua, nimekuja kukuchukua," Sauda alimwita Bi Raya kutoka barazani.

"Nimeshameza dawa, mwanangu. Mpaka alasiri."

"Ijumaa hii tena?"

Zamani, asumini zikichanua na kumletea Bi Raya chafya, marehemu mumewe ndiye aliyemfichia funguo za gari akishameza kidonge. "Leo huendi kokote," angesema, akizitia mfukoni zikilia.

Kitasa cha mlango hulia vilevile kabati likikifunga. Bi Raya alikigusa, akatabasamu. Mwasumini wa mwisho mtaani ulikauka miaka sita iliyopita, na chafya alishajifunza kuiigiza.