Kitanda cha Tusekile

Kitanda cha binti yangu kilichukuliwa Jumatatu, na aliyetoa taarifa kwamba hakilaliwi ni mimi.

Sheria ya sasa ni fupi: kitu ambacho mwenyewe hajakitumia kwa siku tisini kinakwenda kwa mtu mwingine. Binti yangu, Tusekile, anasomea mifumo ya taarifa katika shule ya biashara ya chuo kikuu. Huko kila mwanafunzi husimamia nyumba ya kwao kwa mfumo aliouunda mwenyewe, na ikionekana taarifa moja ya uongo, anafukuzwa. Mama yake alishafariki, kwa hiyo kila jioni mfumo huo unaniuliza mimi nini kimetumika. Mimi ni fundi wa mageti, niliishia darasa la sita, lakini kujibu ninachoulizwa najua.

Siku ya themanini na tisa nilimpigia simu.

“Mwanangu, njoo ulale hata usiku mmoja. Ndoo yako sasa anaogea buibui.”

Akacheka. “Baba, kesho nina mtihani.”

“Basi niandike kwamba umelala.”



“Watakagua, Baba. Andika ukweli.”

Nikaandika ukweli.

Tusekile amefaulu kuliko darasa zima. Kwangu kimetoka kitanda kimoja, godoro lake, ndoo, na kikombe chenye jina lake. Jioni ya Jumatatu hiyo mfumo uliniuliza nyumba ina watu wangapi. Nikahesabu, nikaandika mmoja.