Amezima

Sylvère alivua kofia kabla hajavuka barabara, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Alikuwa ameona viti nje ya nyumba ya Atumani, jamvi limetandikwa, na moto wa makaa unawaka mlangoni. Mtu wa mtaa wetu wa Bwiza akiona hayo jioni, haulizi kama kuna msiba. Anauliza ni nani.

"Ni nani, mama Hayat?" akamuuliza Zubeda, mke wa Atumani, aliyekuwa ameshika tama kando ya jiko.

"Amezima, jirani," Zubeda akajibu, na machozi yakamtoka kweli. "Alilia kidogo saa ya adhuhuri, halafu akanyamaza."

Alikuwa anasema juu ya kashpawa, kile kisanduku cha ukutani kinachotaka kulipwa kwanza na kulishwa namba ndipo kitoe umeme, na hulia salio likikaribia kwisha. Lakini sisi Bwiza hatujitesi na sarufi. Mtu, kuku, gari bovu, wote "amezima", na msikilizaji atajua mwenyewe.

Sylvère alichungulia mlangoni. Ndani giza tupu.

"Poleni sana," akasema, na akarudi kwake upesi.

Atumani akaruka kitini. "Amefikiri ni mutu!"

"Basi mukimbilie, umwambie."

"Nimwambie nini? Kama Atumani ameshindwa kununua umeme?"

Hilo asingeliweza. Atumani alikuwa fundi wa magari, na tangu petroli iadimike mjini, magari yalikuwa yamelala na yeye amelala nayo. Mfuko ulikuwa mtupu, ila majivuno yalikuwa yameshiba. Alipougua malaria, majirani walimletea sukari, akawarudishia. Msikiti ulimtumia mchele wa Ramadhani, akaurudisha na kuongeza wa kwake juu. Sasa friza ya Zubeda ilikuwa inayeyuka, na ndani yake samaki aliowanunua kwa mtaji wake wote. Wakioza, biashara imekwisha. Zubeda alimwambia hayo tangu mchana, aende akaombe msaada kwa watu. Jibu la Atumani lilikuwa kutoa viti nje, eti ndani kuna joto.

Kabla hajaamua la kufanya, mtaa mzima ulikuwa umefika. Wanawake walikuja na birika za chai ya tangawizi, wanaume na viti vyao. Kofia ya Sylvère ilikuwa inapita mkono kwa mkono, inatumbukizwa noti. Atumani akatazama pembeni. Mchango wa msiba haukataliwi. Anayeukataa anaiitia nyumba yake nuksi, na hata yeye hakuthubutu.

"Aliugua?" Sylvère akauliza taratibu, akiketi karibu naye.

"Apana." Atumani akajibu. "Alikuwa tu anakula sana." Angalau huo haukuwa uongo.

"Eh, wa hivyo tunawajua. Hata wa kwangu anakula. Leo unamulisha, kesho analia tena."

Atumani akakumbuka kwamba watoto wa Sylvère wote walikwisha kuoa na kuhama, lakini haikuwa saa ya kuuliza maswali.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Sita."

"Sita tu!" Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtetemeka. Atumani alipomwona hivyo, moyo ukamuuma.

Rachid wa kioski cha vocha na umeme akasimama, kofia ya michango mkono huu, simu mkono ule. "Mi naingia kumuaga."

"Apana!" Atumani akapaza sauti. "Ndani ni giza!"

"Niko na tochi, muzee." Akaingia.

Atumani alingoja Rachid atoke akipiga kelele kwamba hakuna maiti, kuna samaki tu. Rachid hakutoka. Zubeda alikuwa anamimina chai bila kumtazama mumewe, midomo ameibana.

Ndipo mzee Faridi wa msikitini akainua mikono, na watu wote wakainua ya kwao. Hapo Atumani akashindwa. Kuwaficha majirani ni jambo moja. Kumwacha mzee amwombe Mungu juu ya uongo ni jambo jingine. Aliwatazama watu hawa walioacha chakula jikoni kwao ili waje kukaa naye, na akaona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Wacha wamcheke. Wacha samaki waoze. Angesema.

"Ee Mola," mzee Faridi akaomba, "utie nuru nyumba hii."

"Amina!"

"Ngojeni," Atumani akasema, akisimama. "Ngojeni kwanza niwaambie. Huyu marehemu..."

"Amekula!" Rachid akapiga kelele kutoka ndani. "Namba zote amekula!"

Taa ya mlangoni ikawaka. Friza ikanguruma.

Hakuna aliyeshtuka. Wanawake wakaanza kukunja jamvi. Wanaume wakabeba kila mtu kiti chake, wakiagana kama watu waliotoka kazini. Sylvère akapokea kofia yake kwa Rachid, tupu kabisa, akaikung'uta na kuivaa.

"Alhamdulillahi," akasema, yeye Mkatoliki asiyekosa misa. "Marehemu amefufuka. Siku akilia tena, muzee, utuite mapema, tuje tumuzike."