Siku Chura Aliponyamaza

Ijumaa ya pili ya Rajabu, saa kumi na mbili asubuhi, Chura hakulia.

Tangu watu waanze kuchoma mawe mlimani ili wapate mafuta yaliyomo, na sumu ikawa inashuka majini, Chura ndiye aliyeonja maji ya chemchemi kila alfajiri. Akilia, wanyama hunywa. Bata alikagua mto, lakini hakuna aliyemngoja yeye, na wivu ukamla.

"Leo bibi yenu kalala," Bata alicheka. "Nitalia mimi."

"Bwana Bata, tumtazame kwanza," alisema Punda.

"Kwani koo lake la dhahabu?"

Akalia kwa nguvu kumpita Chura. Punda alisita. Kifaranga wa Bata, aliyemwamini baba yake kuliko wote, akakimbia akanywa. Jua lilipopanda alikuwa amelala ubavu, hapumui. Ndipo wakamwona Chura kati ya majani, amekufa.

"Alikwisha kutuambia," Punda alisema polepole. "Akinyamaza, tusinywe."

Bata alimfunika mwanawe kwa bawa.

Ewe Mola, mrehemu Chura, mrehemu na kifaranga yule, na maji ya huko waliko yawe safi. Amina.